Mizigo mipana ya minara ipimwe Kwala, isisubiri mizani

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua. Tangu Bandari Kavu ya Kwala, mkoani Pwani, izinduliwe Julai 31, 2025, yameandikwa mengi kuhusu makontena: yanavyopanda treni Dar es Salaam, yanavyopunguza foleni ya malori mjini, yanavyowafikia wateja wa nchi jirani. Hatuna ugomvi na hayo. Lakini upo mzigo usioingia kwenye kontena, nao hatujaona mtu akiutaja: vipande vya minara ya simu, madishi makubwa ya maikrowevu (yale ya kurushiana mawimbi kati ya mnara na mnara) na vibanda vya mitambo. Mwezi Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na kampuni za simu nazo zina minara yao wanayoongeza. Vyuma hivyo vitaendelea kupita Barabara ya Morogoro. Ombi letu ni moja: mzigo wa aina hii upimwe, upangwe na ukaguliwe ndani ya geti la Kwala, si kwenye mizani ya Vigwaza au Mikese ambako gari likishakamatwa halina pa kugeuzia.

Kwanza tuweke sawa jambo linalochanganya watu wengi. Si kila mnara ni mzigo mpana. Mnara wa miguu mitatu au minne uliotengenezwa kwa vyuma vya engo (vyenye umbo la L) huja umefungwa mafungu mafungu, kila fungu na namba zake, na karibu wote huingia kwenye kontena la futi 40, ambalo kwa ndani lina urefu wa mita 12.03 na upana wa mita 2.35. Huo ni mzigo wa kawaida kabisa. Shida yake kubwa ni boliti kupotea na vyuma viwili vyenye namba moja kubadilishana saiti. Anayeomba kibali maalumu kwa ajili ya mnara wa engo ama hajaona orodha ya mzigo, ama kuna mtu anamlia hela.

Wasumbufu ni watatu. Wa kwanza ni mnara wa nguzo moja, ule wa bomba nene la pembe nyingi unaopungua kuelekea juu. Wa pili ni dishi la maikrowevu la kipenyo cha mita 3 au mita 3.7. Wa tatu ni kibanda cha mitambo kinachokuja kikiwa kimeshaunganishwa. Dishi la mita 1.8 linaingia kontena bila tatizo. La mita 2.4 likiwa ndani ya kreti lake halipiti hata mlango wa kontena refu, kwa sababu mlango huo una kimo cha mita 2.58 tu na kreti hufika mita 2.6. Sentimita mbili hizo ndizo zinazomfanya mtu alipie fleti reki, yaani kontena la wazi lisilo na paa wala kuta za ubavuni. Mnunuzi akimwambia mtengenezaji mapema, kreti hutengenezwa dogo zaidi au dishi hufungwa kwenye fremu ya chuma bila kreti, na habari inaishia hapo.

Uzito si tatizo, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika nchini Machi 2019, inaruhusu hadi tani 56 kwa gari lote. Kipande cha chini cha nguzo, chenye urefu wa mita 12, kipenyo cha mita 1.2 na unene wa milimita 10, kina uzito wa tani tatu na nusu hivi. Unaweza kupakia nguzo nzima ya mita 40 na usiikaribie hata nusu ya uzito unaoruhusiwa. Kwa hiyo msafirishaji anajisemea "mzigo mwepesi huu", anachukua tela lolote lililopo, na kinachomshtaki kwenye mizani ni futi ya kupimia. Upana unaoruhusiwa bila kibali ni mita 2.65. Kreti la dishi la mita 3 lina mita 3.2 kila upande. Likilazwa, tayari limezidi kwa sentimita 55.

Basi dereva anasema lisimamishwe. Tupige hesabu. Tela la kawaida likiwa na mzigo, sakafu yake iko mita 1.5 kutoka lami. Ongeza mbao za chini sentimita 10, ongeza kreti mita 3.2, unapata mita 4.8. Kwa lobedi, yaani tela la chini, yenye sakafu ya mita 1 unapata mita 4.3. Hata kibali kikiwa mkononi, waya za umeme wa nyumbani zinazovuka barabara kwenye senta za biashara hazisomi kibali. Laini kubwa za TANESCO ziko juu na kwa kawaida hazisumbui. Zinazokatika ni hizi za kutoka nguzo hadi dukani, na za simu na televisheni zilizofungwa na fundi wa mtaani kwenye mti wa mkaratusi. Mchana wa jua kali zinalegea zaidi kuliko zilivyokuwa asubuhi mlipozipima.

Njia ya tatu ni kuliinamisha kreti juu ya fremu ya pembetatu. Inafaa sana, ila kwa dishi tupu pekee. Kreti la mita 3.2 lenye kina cha sentimita 60 likiinamishwa nyuzi 50 linabaki na kimo cha mita 2.84 na upana wa mita 2.52. Juu ya lobedi, pamoja na mbao, ni mita 3.94, na upana uko ndani ya sheria. Hapo huna mzigo mpana tena. Lakini madishi mengi huja na kizingo cha pembeni cha kuzuia mawimbi yasitawanyike, na kreti linakuwa na kina cha mita 1.2. Hilo ukiliinamisha nyuzi zilezile 50, kimo chake ni mita 3.22, yaani limeongezeka badala ya kupungua, na upana ni mita 2.98. Umetengeneza fremu, umelipa mafundi wa kuchomelea, na bado una mzigo mpana unaopepesuka. Dawa ni kuagiza kizingo kije kimefunguliwa kwenye kreti lake peke yake. Hufungwa saiti kwa boliti. Ni sentensi moja tu kwenye oda ya ununuzi, lakini lazima iandikwe kabla mzigo haujaondoka kiwandani, maana kulifungua kreti bandarini ni kumpa mtengenezaji sababu ya kukana dhamana.

Kuhusu kibali chenyewe. Wakala wa Barabara, TANROADS, hutoa kibali maalumu kwa mzigo usiogawanyika, na neno "usiogawanyika" linachukuliwa kama lilivyo. Makreti matatu yaliyopangwa ubavu kwa ubavu hadi yakazidi upana si mzigo usiogawanyika, ni mzigo uliopangwa vibaya, na atakayeyakataa yupo kwenye haki. Kibali huandikwa kwa namba za gari na za tela. Kichwa kikiharibika Chalinze ukaazima kingine, karatasi uliyonayo ni ya gari lililobaki gereji. Kwa hiyo anayejua kazi huulizia mapema utaratibu wa gari la akiba, na huanza kuomba wakati meli ingali baharini akitumia vipimo vya mtengenezaji. Hapo pia pana mtego. Orodha ya mzigo inaonyesha vipimo vya kreti likiwa sakafuni kwa mtengenezaji. Haionyeshi mbao za chini, wala vikalio vya kulazia mzigo, wala vichwa vya boliti vinavyochungulia pembeni, wala turubai lililofungwa likajaa upepo. Tumezoea kuongeza sentimita 15 kila upande na sentimita 20 juu kabla ya kujaza fomu. Kibali cha mita 3.4 ukipimwa mita 3.3, unapita. Kinyume chake ni kulala barabarani.

Ndiyo maana tunasema Kwala iwe na geti la kupimia. Hatuombi mtambo wa mabilioni. Nguzo mbili za bomba zenye alama za mita na boriti ya mbao nyepesi inayoning'inia kwa mnyororo, inayoweza kupandishwa na kushushwa kulingana na kimo kilichoandikwa kwenye kibali, zinatosha. Gari likiigusa boriti, linarudi lilikopakiwa, ambako kreni ipo na mafundi wapo. Kibali kisipokuwa na vipimo vinavyolingana na gari, lisitoke. Kutoka Kwala hadi Barabara ya Morogoro ni kilometa 15 hivi za zege, na kosa likigundulika huko mbele mzigo hauna wa kuushusha. Mizani haina kreni.

Tukiwa palepale uwanjani, liko suala la kushusha. Mzigo ukizidi kimo cha fleti reki, richi staka ya kawaida (mashine ya kunyanyulia makontena) haiwezi kuunyanyua, kwa kuwa mikono yake inashika kona nne za juu na mzigo umeshatokeza kupita kona hizo. Inahitajika fremu ya nyongeza ya kunyanyulia, au minyororo minne yenye ndoano inayoshika kona za chini. Mamlaka ya bandari ihakikishe kifaa hicho kipo Kwala muda wote, si cha kuitwa kutoka Dar es Salaam mzigo ukishafika. Kikikosekana tunajua kitakachofuata: fokolifti mbili, moja kila upande, madereva wawili wanaopigiana kelele. Uma wa fokolifti hupita kwenye ubao wa kreti kwa urahisi mno, na dishi la alumini haliulizi mara mbili.

Kwa nini tunalilinda hivyo dishi? Katika masafa ya gigahezi 7 urefu wa wimbi ni sentimita 4.3 tu. Uso ukipinda milimita chache, nguvu ya mawimbi inapungua na sehemu yake inatupwa pembeni, kwenye njia ya mtu mwingine. Mbonyeo huo hauonekani kwa macho. Utaonekana siku ya kulenganisha, mafundi wakiwa juu mita 50 wanazungusha boliti kutwa nzima na namba ya nguvu ya mawimbi haifiki. Kwa hiyo mkanda usipite juu ya kreti na kukazwa hadi mbao zikalia. Kreti lifungwe kwa chini, kwenye mbao zake za msingi, na juu lishikwe na fremu. Na lifungwe kweli: upande wake mmoja una mita za mraba 10, na upepo wa ubavu wa kilometa 80 kwa saa unalisukuma kwa nguvu inayozidi kilo 300, karibu sawa na uzito wake. Ni tanga la jahazi juu ya tela. Anayepita Singida au Makambako anaujua upepo tunaousema.

Nguzo nazo zina adabu yake. Kipande cha mita 12 kilazwe juu ya vikalio viwili vya mbao vilivyokatwa kufuata umbo lake na kutandikwa mpira, kila kimoja mita 2.5 kutoka mwisho. Viwili, si vitatu. Kikalio cha tatu cha katikati huwapendeza macho wengi, lakini tela likipita kwenye shimo na kujikunja, hicho cha katikati ndicho kinachobeba uzito wote kwa dakika hiyo, na bomba linabonyea. Midomo ya bomba iwekewe msalaba wa mbao kwa ndani ili isigeuke yai. Vipande vya nguzo huvishana, cha juu kikimeza cha chini, na sehemu ya kuvishana inatakiwa isipungue mara moja na nusu ya kipenyo: kipenyo cha sentimita 80, mvishano wa mita 1.2. Nguzo inayopungua sentimita 2 kwa kila mita, ukiiachia mdomo upinde kwa sentimita 1 tu, inaweza kukwama nusu mita kabla ya kufika kwenye alama. Hapo hakuna nyundo itakayosaidia, na kreni inalipwa kwa saa.

Minyororo mitupu isiguse zinki. Vyuma vinene zaidi ya milimita 6 hupakwa zinki ya moto ya wastani usiopungua mikroni 85, na mnyororo ukisugua kutoka Kwala hadi Mbeya unafika kwenye chuma chenyewe. Tumia mikanda mipana ya tani 5, au mnyororo uliovikwa mpira wa maji. Chini ya vikalio weka mpira pia. Chuma juu ya chuma kinateleza kama kimepakwa sabuni, wakati mpira unapunguza mno kazi ya mikanda. Kanuni inayotumika kimataifa ni kwamba mfungo uweze kuzuia asilimia 80 ya uzito kwenda mbele na asilimia 50 kwenda ubavuni au nyuma. Kwa kipande cha tani 3.5 hiyo ni tani 2.8 mbele na tani 1.75 ubavuni. Mbao hukandamizika mwanzoni mwa safari, hivyo ukimaliza zile kilometa 15 za zege simama Vigwaza ukaze mikanda yote upya. Mikanda inayolegea hulegea hapo.

Jambo dogo kuhusu uwanja: vyuma vya zinki vikirundikwa vimegusana, mvua ikanyesha, maji yanakaa katikati na kutoa unga mweupe unaokula zinki. Watu huona kutu nyeupe wakadhani ni vumbi la saruji. Weka vipande vya mbao kati ya tabaka, inua upande mmoja maji yatiririke, na usifunike kwa turubai lililobana hadi chini. Mzigo unaosubiri kibali masika yote unaharibika hivi hivi, kimya kimya.

Barabarani, mzigo wa kibali unatembea mchana tu. Kwa anayekwenda Nyanda za Juu Kusini maana yake ni kwamba hesabu ya siku ya kwanza inaamuliwa na Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara inapita kilometa 50 hivi kati ya wanyama na mwendo ni wa kilometa 50 kwa saa. Ukitoka Kwala saa 12 asubuhi, lengo ni kulala Mikumi mjini. Ukiona saa 10 jioni uko Doma, kabla ya hifadhi, lala huku huku, usiingie hifadhini kubahatisha jua. Kesho yake ni Ruaha Mbuyuni na mlima Kitonga. Pale mlimani tela la kuvutwa lenye mzigo wa zaidi ya mita 12 linakata kona kwa magurudumu ya nyuma na kuchukua njia yote, kwa hiyo gari la kusindikiza litangulie hadi juu na polisi wazuie wanaoshuka. Redio za mkononi ziwe na betri. Simu mlimani hazina uhakika, na ukifikiri vizuri, hiyo ndiyo sababu nguzo inapelekwa.

Mwisho wa lami ndipo lobedi inapogeuka mzigo. Iliyokusaidia chini ya waya inakwama tumbo kwenye tuta, kwenye drifti (pale maji yanapovuka juu ya barabara), na kwenye kivuko cha reli. Barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, zinazoingia kwenye kata nyingi zina makalavati membamba na kona zilizochongwa kwa ajili ya Fuso. Ushauri wetu ni kuhamishia mzigo mjini wilayani: kutoka semi kwenda lori la ekseli tatu lenye kreni ya Hiab, kipande kimoja kimoja. Safari zinaongezeka, lakini hakuna kalavati la kulipa. Mkandarasi apeleke mtu na pikipiki na futi kabla ya siku ya kupakia Kwala, apime kila daraja na kila waya hadi saiti, aandike kwenye karatasi moja na ampatie dereva. Karatasi hiyo iwe sehemu ya nyaraka za kutoka getini, pamoja na kibali. Asiyekuwa nayo asitoke.

Na wapakiaji wasichanganye boliti za msingi na nguzo kwenye gari moja, kama inavyofanyika mara nyingi ili kuokoa nauli. Boliti hizo na sahani yake ya kupangia matundu zinatakiwa saiti kabla zege halijamwagwa, na zege linahitaji siku 28 kukomaa kabla ya kubeba nguzo. Zikija pamoja, nguzo italala porini mwezi mzima ikilindwa na mlinzi mmoja.

Wasafirishaji na mafundi wa minara,
Mlandizi, Pwani